Sijawahi kuzaa, lakini maziwa yametoka

Bibi Mkunga, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, naishi Ujiji. Nimeolewa mwaka wa tisa huu na Mungu hajanijalia mimba, hata ya kuharibika. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa. Giza likiwa zito yuko majini na taa zake, mbalamwezi ikiwaka ndipo namwona nyumbani.

Miezi miwili na nusu iliyopita binamu yake alifariki akijifungua, kijiji cha mwambaoni huko Uvinza. Damu ilimtoka nyingi na boti la kumleta mjini likachelewa. Mtoto wa kike akabaki. Baba yake yupo, ana wengine watano, na mbele ya wazee alitamka kwamba huyu awe wetu. Alifika kwangu akiwa na siku sita, amefungwa kwenye kanga ya marehemu mama yake, na kadi yake ya kliniki imekunjwa ndani ya kanga hiyo hiyo.

Tulianza na maziwa ya kopo. Kopo la gramu 400 lilikuwa linaisha siku tano, na bei yake unaijua. Mama mkwe alikuja kutoka Kasulu kunisaidia. Usiku mmoja mtoto analia, ameshiba lakini analia, mama mkwe akaniambia, "Mwekee titi atulie." Nikacheka. Nikamwambia, mama, hili titi halina kitu. Akasema, "Yeye hajui. Mwekee." Nikamwekea, na kweli akatulia. Tangu siku hiyo ikawa kawaida: akilia titi, akisinzia titi. Chuchu ziliuma wiki ya kwanza nusura niache.

Siku ya 24 nilikuwa naoga. Nikaminya bila kuwaza, nikaona tone jeupe limesimama kwenye chuchu, halidondoki. Nikamwita mama mkwe. Alikuja mbio akidhani nimeteleza. Alilichukua kwa ncha ya kidole, akalilamba, akasema, "Ni maziwa haya." Bibi, tulilia wote wawili, pale pale bafuni, mimi nina povu mwili mzima.

Baada ya hapo nikaanza kupunguza kopo. Sasa nampa mara tatu tu kwa siku, mililita 60 kila mara, kwa kikombe. Muda mwingine wote ni langu. Kopo moja sasa linafika wiki mbili na zaidi, nami sifichi, najivunia. Asubuhi nikikamua kabla hajanyonya napata vijiko viwili vya chai.

Yanayonisumbua ni haya. Kwanza, mume wangu aliporudi mbalamwezi iliyopita alimbeba mtoto, akampima kwa mikono kama anavyopima samaki, akaniambia, "Unamnyonyesha mtoto hewa." Neno hilo liliniumiza, hatujaongea vizuri mpaka leo. Pili, jirani anasema mtoto hanenepi kwa sababu tumembemenda, kwa kuwa nanyonyesha na bado nalala na mume wangu. Kweli hajaongezeka sana: wiki ya sita alikuwa kilo 3.6, na juzi wiki ya kumi alikuwa 3.7. Nesi ameandika kwenye kadi akasema turudi baada ya wiki mbili. Sikumwambia habari ya kunyonyesha, niliona haya. Lakini mtoto ni mpole, analala sana, hasumbui kabisa siku hizi. Alizaliwa na kilo 2.7.

Tatu, muuza duka la dawa ameniambia kuna vidonge vya kuzuia kutapika ambavyo huongeza maziwa, eti anaweza kunipa bila cheti. Ninywe? Na mwisho, sisi ni Waislamu. Je, mtoto huyu amekuwa binti yangu wa kunyonya, wakati sijawahi kuzaa? Na mume wangu je? Tunaishi pia na mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka 14.

Mama Kichanga, Ujiji

*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujaendelea kusoma, bandika maji jikoni, mkorogee mtoto mililita 70 za maziwa ya kopo, mpe zote. Akimaliza ndipo urudi hapa.

Umeniuliza mengi, ila kubwa kuliko yote hukuniuliza, umeliandika tu njiani kama mtu anayetaja hali ya hewa. Tangu kuzaliwa mpaka wiki ya sita, mtoto wako aliongezeka gramu 900. Hiyo ni kazi nzuri sana kwa mwanamke aliyekabidhiwa kichanga bila kujiandaa, na hakuna aliyekupongeza, basi pokea pongezi zangu. Kutoka wiki ya sita mpaka ya kumi ameongezeka gramu 100. Umri huo mtoto anatakiwa aongeze walau gramu 500 kwa mwezi, yaani kama 125 kila wiki. Fungua kadi yake uutazame mstari. Ulikuwa unapanda, sasa umelala. Na umelala kuanzia wiki ile ile uliyopunguza kopo.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mtoto wa umri huo anahitaji takribani mililita 150 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kilo 3.7 mara 150 ni 555. Wewe kwa kikombe unampa 60 mara tatu, ni 180. Zimebaki 375, na hizo umelikabidhi titi ambalo asubuhi linatoa vijiko viwili vya chai, yaani mililita 10. Najua mtoto hunyonya zaidi ya mkono unavyokamua, hilo nalikubali. Lakini hakuna mtoto anayeweza kuvuta 375 kutoka kwenye titi la namna hiyo, na mizani imekwisha kukuambia.

Na huo upole wake ndio ulionifanya niiweke barua yako juu ya nyingine zote. Mtoto wa wiki kumi aliyekuwa analia usiku, akaacha kulia, akawa analala sana wala hasumbui, hajapata adabu. Anatunza nguvu. Nimewaona wengi wa aina hiyo wodini, wazazi wanasema "huyu hana makuu", kumbe amechoka kudai.

Kwa hiyo kuanzia leo: mililita 70, mara nane kwa siku, usiku na mchana. Akitaka zaidi mpe. Akilala muda mrefu, mwamshe. Maji yachemke kwanza, hata kama yametoka bombani, uyamimine kwenye kikombe yangali ya moto sana, isipite nusu saa tangu yachemke, ndipo utie unga, ukoroge, upooze, umpe. Kijiko cha kopo kisawazishwe kwa kisu, kisirundikwe wala kupunguzwa ili kopo lisogee. Ulivyochagua kikombe badala ya chupa, endelea hivyo hivyo. Maziwa ya ng'ombe hapana, uji hapana, hata akija shangazi gani kukushauri.

Na kesho asubuhi, si baada ya wiki mbili, nenda kliniki. Usikae kimya safari hii. Sema hivi: "Nesi, mtoto huyu si wa kumzaa, namnyonyesha, maziwa yangu ni machache, na nilipunguza kopo." Sentensi moja tu, aibu yake inaisha kabla hujamaliza kuitamka. Nesi aliyekupa wiki mbili alidhani anamwona mtoto wa kopo aliyechelewa kidogo. Angejua, asingekuacha uondoke. Kama ukisoma haya mtoto anashindwa kunyonya au kumeza, ukimwamsha haamki vizuri, utosi umebonyea, anaharisha, au nepi zake hazilowi hata mara sita kwa siku, usingoje kesho. Nenda hospitali sasa hivi.

Hapo ndipo utaona kwa nini siwezi kumlaumu mumeo. Kauli yake ilikuwa kali, na mvuvi akishinda majini mwezi mzima hurudi na ulimi wa chumvi. Lakini mtu anayebeba mtoto mara moja kwa mwezi huona tofauti ambayo wewe unayembeba kila saa huioni. Alimpima kwa mikono, ukasema kama samaki. Basi mikono ile ilipima sawasawa. Mwambie alikuwa na haki nusu. Nusu nyingine hana, maana kile kilichotoka siku ya 24 si hewa.

La kubemenda nitalipita haraka, na jirani yako anisamehe. Kulala na mume hakuharibu maziwa wala hakumdhoofishi mtoto. Nilipokuwa kazini Tabora tulikuwa tukiletewa watoto wamekonda, nyumbani wanandoa wametenganishwa vitanda, bibi wa pande mbili hawasalimiani, na mtoto bado anapewa kikombe kile kile kidogo. Maneno hayo yana ubaya mmoja mkubwa: humfanya mama aone haya kwenda kliniki. Mtoto wako ana njaa, hana kingine. Lala na mumeo.

Sasa tuje kwenye furaha yako, maana ni ya kweli na sitaki uitupe pamoja na maji ya kuogea.

Zamani nikiwa kijana wodini, aliletwa mtoto yatima kutoka upande wa Urambo, amebebwa na bibi yake. Mama yule alikuwa na mvi, ana vitukuu. Nikamwambia asogee tumpe mtoto maziwa kwa kikombe, akasema, "Mimi namnyonyesha." Nikacheka kama wewe ulivyomcheka mama mkwe wako. Yule bibi hakujibu. Alifungua kitenge, akashika titi lililolala kama mfuko mtupu, akaminya, maziwa yakaruka yakanipata kwenye gauni langu jeupe la kazi, hapa kifuani. Wodi nzima ilicheka isipokuwa mimi. Tangu siku hiyo sijamwambia mwanamke yeyote kwamba titi lake halina kitu.

Kinacholeta maziwa si tumbo la uzazi. Mtoto akivuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, nayo humwaga homoni mbili. Prolaktini hutengeneza maziwa, oksitosini huyasukuma nje. Tezi hiyo haiulizi nani alizaa. Inachohesabu ni mara ngapi titi limenyonywa na kumalizwa. Ndiyo maana hata Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kizima mwaka 1998 kuhusu kurudisha maziwa na kuyaanzisha kwa mwanamke asiyezaa. Na kule Papua New Guinea, mwaka 1994 ulichapishwa uchunguzi wa wanawake 37 waliopokea watoto wasiowazaa, na walio wengi walifanikiwa kuwanyonyesha. Wale walisaidiwa na dawa chini ya uangalizi wa hospitali. Wewe umefika kwenye tone kwa ushauri wa mama mkwe na uvumilivu wa chuchu zako tu. Watu wengi huanza kuona kitu kati ya wiki ya kwanza na ya sita. Siku yako ya 24 iko mle mle.

Ila yule bibi wa Urambo alikuwa na jambo moja ambalo wewe huna. Alizaa wanane. Mwanamke akibeba mimba, miezi ile tisa homoni hujenga ndani ya titi vifuko vya kutengenezea maziwa, vingi, kama zabibu kwenye kichala. Bibi alikuwa na kiwanda kilichofungwa, mjukuu akakifungua. Wewe unajenga kiwanda huku mteja amekwisha kufika na ana njaa. Kinajengeka, lakini polepole, na kwa wengi hakifikii ukubwa wa kumtosha mtoto peke yake. Marekani mwaka 1981 ulichapishwa uchunguzi wa akina mama 240 walionyonyesha watoto wa kuasili, na walio wengi waliendelea kutumia maziwa ya nyongeza. Kiswahili chetu kinaliita titi ziwa, na wewe unayeishi Ujiji unajua ziwa lako lina mito mingapi inayoliingia. Kopo ni mto mmojawapo. Haliwi ziwa la uongo kwa sababu hiyo.

Swali ulilopaswa kuniuliza basi ni hili: nawezaje kumshibisha mtoto bila kuliacha titi? Jibu lipo, na ni kitu cha bei ndogo.

Kesho kliniki, au wakikupa barua ya kwenda hospitali kubwa, uliza habari ya mpira mwembamba wa kulishia, ule wanaotumia wodi ya watoto. Maziwa ya kopo yanakuwa kwenye kikombe, ncha moja ya mpira imezama humo, ncha nyingine inalazwa juu ya titi mpaka kwenye chuchu, inabanwa kwa plasta ndogo. Mtoto anashika chuchu na mpira kwa pamoja. Akivuta, maziwa yanapanda mpirani kama soda kwenye mrija, anashiba, na wakati huo huo analinyonya titi lako linapata habari ile ile ya kupeleka kwenye tezi. Kikombe ukikishusha chini ya usawa wa chuchu, maziwa huja taratibu, naye hulazimika kuvuta kwa nguvu. Ukikiinua hukimbia, anaweza kupaliwa. Mwanzoni mtahitaji mikono minne, ndipo safari ya mama mkwe ya kutoka Kasulu itakapofaa: yeye kikombe, wewe mtoto. Usijaribu peke yako kwa mpira uliookota popote. Nesi akuonyeshe kwanza mara mbili tatu. Ukimaliza kila mlo, pitisha maji mpirani hapo hapo kabla mabaki hayajaganda, kisha maji ya moto na sabuni, uutundike ukauke. Ukianza kunata au kubadilika rangi, tupa.

Na kama mpira hautapatikana, mpe titi kwanza dakika chache kila upande, kisha kikombe mpaka atosheke, kisha titi tena la kulalia. Mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Akilala kifuani mwako ngozi kwa ngozi, mwache. Akimaliza, kamua kidogo, hata kama ni matone, maana titi likiachwa na maziwa ndani hudhani yanatosha.

Kupunguza kopo kutakuja, lakini mizani ndiyo itakayotoa ruhusa. Mpime kila wiki. Akirudi kwenye gramu 125 au zaidi kwa wiki, wiki mbili mfululizo, ndipo unaweza kutoa mililita 50. Sisemi 50 kwa kila mlo. Nasema 50 kwa siku nzima. Kaa hapo siku kadhaa, pima, tazama nepi. Mstari ukilala, zirudishe siku hiyo hiyo. Kopo likirudi kuisha siku tano, usione kwamba umeshindwa. Kopo linalofika wiki mbili, mwanangu, kwa mtoto wa kilo 3.7 ni la kuogopwa.

Fedha nazo ni fedha, najua. Ongeeni na baba wa mtoto na ukoo ule mliokaa nao mbele ya wazee. Aliyetoa mtoto kwa maneno atoe na kopo moja kwa mwezi. Naye Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yenu hamtamkwepa, maana mtoto mmepokea kwa kauli tu. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuasili kunakamilika kwa amri ya mahakama, na safari inaanzia kwa afisa huyo. Nendeni mapema. Siku mtoto akihitaji cheti cha kuzaliwa au ruhusa ya upasuaji, maneno ya wazee hayasomeki kwenye fomu.

Vidonge vya muuza dawa, usinywe. Hakukudanganya, kwa sababu dawa mbili za kuzuia kutapika, metoklopramaidi na domperidoni, kweli hupandisha prolaktini. Lakini ya kwanza inaweza kumtia mwanamke huzuni nzito au kumfanya misuli ijivute yenyewe, na ya pili inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Marekani mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2004 dhidi ya kutumia domperidoni kwa kuongeza maziwa. Nchi nyingine madaktari huiandika, lakini baada ya kuuliza habari za moyo na dawa nyingine unazotumia. Uko pia utaratibu uliotungwa Kanada na daktari Jack Newman pamoja na Lenore Goldfarb, wa vidonge vya uzazi wa mpango kwa miezi kadhaa kabla mtoto hajafika. Wako amekwisha fika, basi huo umekupita. Ukitaka dawa, akuandikie daktari aliyekupima. Bila cheti, hapana. Za mama mkwe, za kula na kunywa kama uji wa pilipili manga na mchuzi wa migebuka, kula kwa raha zako. Hazina ajabu yoyote ila zinakushibisha wewe, na mama anayenyonyesha anahitaji kushiba. Mizizi ya kupaka kwenye chuchu ikatae kwa heshima. Mtoto ataimeza.

Kuna jambo lingine hukuniuliza. Ile kadi iliyokuja imekunjwa ndani ya kanga, isome, au mpe nesi aisome. Marehemu alipima Virusi vya Ukimwi? Alikutwaje? Kama haikuandikwa, mtoto apimwe kipimo cha damu ya kisigino, kile cha watoto wachanga. Nawe na mumeo mpime, pamoja na homa ya ini. Ukiwa na Virusi vya Ukimwi, maziwa yako yanaweza kumwambukiza yeye. Na yeye pia, ingawa ni nadra, anaweza kukuambukiza wewe kupitia chuchu zilizochanika, imewahi kutokea. Simtuhumu marehemu, Mungu amrehemu. Nimekuwa mkunga miaka mingi na ningemwambia hivi binti yangu wa kumzaa.

Swali la dini nalijibu kwa adabu, maana mimi si sheikh. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu wa madrasa, na meza yetu ya chakula ilikuwa na fiqhi, yaani sheria za dini, kuliko nyama. Mama wa kunyonya ametajwa kwenye Qurani, Sura ya Nisaa aya ya 23, pamoja na mama wa kuzaa, katika walioharamishwa kuoana. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa huku kwetu, huhesabiwa minyonyo mitano mbalimbali kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na maziwa ya mwanamke asiyewahi kuzaa, hata bikira, yanahesabika. Madhehebu mengine yana neno tofauti hapo. Mumeo, kwa kuwa maziwa haya hayakutokana na uzazi wake, habari yake ni nyingine kidogo: si baba wa kunyonya, ila mtoto anakuwa kama binti wa mke aliyemwingilia, naye huyo hamuoi kamwe. Kijana wa dada yako ndiye msisahau. Wewe ukiwa mama, yeye anakuwa binamu wa mtoto, na binamu si mahramu, yaani si ndugu aliyeharamishwa kuoana naye. Kama ni tone la siku ya 24 ndilo lililoanza kuhesabiwa, au yale mengi ya kopo yatakayopita mpirani yanaingiaje, mpelekee sheikh wa msikiti wenu, na umweleze kama ulivyonieleza mimi. Mpelekee mumeo aulize yeye. Mtapata la kuongea njiani.

Mtoto akishiba siku tatu nne, atarudi kulia usiku. Utachoka, na mama mkwe atakuamsha. Jumatatu ijayo, ukitoka kwenye mizani, niandikie. Sitaki barua ndefu, nitajie kilo tu.